Tati ya Pasheni na Nazi

Itumbe, Kisii
Jumapili jioni

Baba yangu mpendwa,

Shikamoo Baba. Je, mguu unaendeleaje? Mama aliniandikia kwamba ulivimba hata kiatu hakiingii, na tangu hapo ninaomba nisikie kuwa unatembea mwenyewe hadi kisimani. Sisi huku tu wazima. Mkweo Ombati yuko salama kazini kwenye kiwanda cha majani chai, nami nimeanza kuizoea baridi, ingawa mvua hunyesha kila alasiri kama iliyoajiriwa.

Nazi alizotuma Mama kwa basi zilifika. Moja ilipasuka njiani, nyingine zote nzima. Na ni kwa sababu ya nazi hizo ninakuandikia leo, furaha imenijaa hadi kalamu haitulii. Lakini kwanza keti vizuri, maana nina neno ambalo halitakupendeza. Tati yako, lile ganda la unga lenye ndimu ndani, nimeibadilisha.

Najua, Baba. Ulinifundisha ningali mdogo, ulipokuwa mpishi wa Wazungu kule Mombasa, ukaniambia: "Tati ni ndimu, siagi na mayai. Anayetaka kuongeza kitu, mlango ule pale." Nami sikuwahi kuongeza hata iliki. Basi sikiliza yaliyonisibu, ndipo unihukumu.

Unakumbuka nilivyoondoka Rabai. Hukutoka chumbani kuniaga, kwa kuwa hukutaka niolewe mbali kiasi hiki, na watu usiowajua. Sikulaumu. Lakini sikukuandikia pia kwamba huku nako sikupokewa kwa vigelegele. Mama mkwe wangu si mtu mbaya. Hajanitukana hata siku moja. Ila Kiswahili chake ni kidogo, na Kigusii changu ni kidogo zaidi, na majirani wakimuuliza habari zangu hujibu "omogeni", yaani mgeni. Mwaka wa kwanza mgeni, mwaka wa pili mgeni.

Sasa, hapa tuna chama cha kina mama, na mwenyekiti wetu ni jirani yangu Kerubo, mke wa fundi mwenzake Ombati. Mwezi uliopita kanisa moja la Kisii mjini lilialika vyama kutoka Nyakoe, Suneka, Nyamira na kwetu, kushindana na kina mama wa mjini kwa kuoka tati. Zawadi ilikuwa jiko kubwa la mafuta ya taa lenye oveni. Kina mama wetu walilitamani sana, kwa sababu wafanyakazi wa kiwandani hunywa chai kavu asubuhi, na tukiwa na oveni tunaweza kuwauzia mikate.

Kerubo akasema mbele ya wote, "Baba yake Dama alikuwa anapikia Wazungu. Dama ndiye atapika." Hapo mama mkwe akasema neno kwa Kigusii, na kina mama wakatazamana. Baadaye nilimuuliza Kerubo lilikuwa neno gani. Akaniambia: "Amesema, mgeni akituaibisha huko mjini, aibu itarudi kwa nyumba yake yeye."

Baba, sikupata usingizi mzuri tena hadi siku ya mashindano.

Kama hiyo haitoshi, wiki ile ile kideri kikaingia. Kuku wakafa boma baada ya boma. Nikaenda soko la Nyakoe kutafuta ndimu, nikaona mbili tu, kavu kama kokwa, nikaziacha. Nikarudi na kikapu kitupu, nikamkuta Kerubo mlangoni.

"Kuku yote imekufa," akasema. "Mayai tutatoa wapi? Wacha tuambie hao watu ya kanisa hatukuji."

"Tutakwenda," nikamjibu, ingawa sikujua tutakwenda na nini.

Nilikaa jikoni nikaangalia vilivyokuwapo. Siagi ilikuwapo. Zilikuwapo ndizi, maana huku ndizi ni kama mchanga wa pwani. Pasheni zilikuwa zimeiva ukutani kwa Kerubo, kali na zenye harufu ya kukuita kutoka barabarani. Na nazi za nyumbani zilikuwapo. Kilichokosekana ni kitu cha kugandisha. Ndipo nikakumbuka wanga wa muhogo, ule ule Mama aliokuwa akitilia kanzu zako za kazini mpaka zinasimama zenyewe. Kama unasimamisha kanzu, nikajiambia, utashindwa na tui la nazi?

Nikanunua muhogo uliotoka Suneka, nikaukuna, nikaukamua majini, wanga ukatuama chini mweupe kama maziwa. Jaribio la kwanza liligeuka gundi. La pili lilikatika, kwa kuwa nilitia maji ya pasheni tui likiwa bado linachemka. La tatu nilingoja lipoe kidogo kwanza, nikakoroga taratibu, na Baba, likashika! Liling'aa manjano na kutikisika kidogo tu, kama unavyotaka wewe. Ganda la unga nililioka ndani ya sufuria kubwa yenye mchanga, makaa chini na makaa juu ya kifuniko. Nikapanga ndizi, nikamimina, nikanyunyiza juu nazi iliyokaangwa hadi rangi ya dhahabu.

Mama mkwe alikuwa amesimama mlangoni muda wote huo.  Asubuhi tulipopanda lori kwenda mjini, alininyang'anya ile tati, akaipakata imefungwa kwenye leso yangu, na barabara ilivyo mbovu, hakumruhusu mtu mwingine aiguse.

Ukumbini, nusura nikimbie. Kina mama wa mjini, wake za makarani na walimu, walikuwa na tati za ndimu zilizotoka oveni za kweli, kingo zimefinywa kama kazi yako. Yangu ilikuwa imeinama upande mmoja. Mwamuzi mkuu, mwalimu wa shule ya wasichana, alikuwa anaonja kila moja na kuandika. Pembeni yake alikuwa Mama Savita, mke wa mwenye duka la vyombo mjini, ambaye ndiye aliyetoa jiko la zawadi. Yeye ni Mhindu asiyekula nyama wala mayai, kwa hiyo tati zote alizitazama tu kwa adabu na kuzipisha.

Walipofika kwangu, Mama Savita akainama, akanusa.

"Hii ndani iko mayai?"

"Hapana, Mama. Kuku wetu walikufa. Ni tui la nazi na wanga wa muhogo."

"Kweli kabisa?"

"Kweli kabisa."

Akala kijiko kimoja. Akala cha pili. Kisha akavuta kiti, akaketi mbele ya tati yangu kama mtu aliyefika kwake. Ukumbi mzima ukacheka. Mwalimu naye akaonja, akafumba macho, akasema, "Hii si tati niliyofundishwa mimi. Nikatieni kipande kingine."

Tumeshinda, Baba! Itumbe imeshinda! Kerubo alipiga kelele hadi sauti ikamkauka. Na mama mkwe alipiga vigelegele vilivyoniingia moyoni, akapita katikati ya watu wa mjini akinishika mkono. Mtu mmoja akauliza, huyu mpishi ni wa wapi? Akajibu kwa Kiswahili chake, kwa sauti ya wote kusikia: "Huyu ni mtoto yangu."

Nililia mbele ya watu, sikuona haya.

Jiko liko nyumbani kwa Kerubo, na mikate ya kwanza imeshaliwa. Jana mama mkwe alinijia jikoni akasema, "Andikia baba yako. Mimi nataka kuona mtu alizaa wewe." Mahindi yakishavunwa, yeye, Ombati nami tutakuja Rabai. Nakuomba Baba, safari hii utoke chumbani.

Nisalimie Mama, umwambie nazi zake zimefanya kazi. Nisalimie kaka yangu mkubwa na mkewe, shangazi anayekaa karibu na kanisa, na bibi mzaa mama. Mwambie bado nalitunza shuka alilonipa nilipoolewa. Ombati anakusalimu kwa heshima zote.

Nasi tukifika, usipike chochote. Umepika maisha yako yote, wengine wakila. Siku hiyo wewe utakaa mezani, nami nitakuandalia.

Binti yako akupendaye,
Dama