Marehemu wa Mombasa

Darsait, Maskati
Shaabani, 1970

Kwa dada yangu mpenzi Rahma,

Assalaam alaykum. Sisi huku tu wazima, mimi na shemeji yako Nassor, ila miguu imetuvimba kwa kutembea. Mama kifua chake kimetulia? Na Suleiman lile jino limeshang'oka au bado analilia? Nna mengi ya kukwambia. Kaa kitako kwanza, na kama Mama yupo karibu msomee kwa sauti, lakini mtoto mtoe nje.

Unajua tangu tuoane Nassor hajanitoa Dubai hata siku moja, kazi ya bandarini haimpi nafasi. Safari hii kapata likizo, akanambia, "Twende kusini, tukauone mji wa wazee wetu, sasa watu wanaruhusiwa kuingia." Tukapanda Landrova na abiria wengine, siku mbili za vumbi, tukafikia hapa Darsait kwa shangazi yake.

Mji wenyewe, Da Rahma, ungeupenda. Milima myeusi mitupu imeukalia kichwani, huoni hata jani. Bandari ina ngome mbili za Wareno, moja kila upande, na majabalini mabaharia wameandika majina ya meli zao kwa rangi nyeupe. Shangazi anasema zamani lango likifungwa usiku, na ukitembea bila taa unakamatwa. Sasa tunapita tutakavyo. Soko la Mutrah lina kiza hata mchana, na humo Nassor kaninunulia kikuku cha fedha, tukala halwa ya moto tumesimama. Nilikuwa na raha, wallahi.

Ndipo Nassor akasema, "Wananambia pana mkahawa wa mtu wa Unguja, anapika vya kwetu. Twende tukale."

Nyuma pana chumba chenye pazia kwa wenye wake zao. Tukaagiza samaki wa kupaka. Tonge la kwanza tu, mkono ukanisimama. Bizari nzima iliyokaangwa, na kile kipande cha embe bichi unachokitia kwenye tui. Sijakila kwa mtu mwingine duniani.

Mara mwenyewe akaja kuuliza kama chakula kimetupendeza. Khalfan. Yule yule aliyekuacha na mtoto mchanga, hata barua hajaleta. Kanenepa, ndevu kazitia hina. Mimi nilikuwa na barakoa usoni, na alipokuoa nilikuwa kitoto cha kusukwa nywele, hakunijua. Nassor hajapata kumwona, basi akamsifu. "Nani kakufundisha mapishi haya?"

Khalfan akainamisha kichwa. "Marehemu mke wangu. Tulipotoka Unguja chombo kilizama, yeye na mwanangu wakaenda. Mimi nikaokolewa."

"Inna lillahi," Nassor akasema, akampa mkono wa pole.

Mimi nikala. Nilimaliza sahani nzima, sikuacha hata mwiba.

Tulipotoka nikamweleza Nassor huyo ni nani. Akasema, "Tumekuja kutembea, Zuwena. Muachie Mungu."

"Nitamuachia," nikamwambia, "nikishamaliza mimi."

Nikaanza kumuuliza shangazi, taratibu, kama mtu anayepiga soga. Kumbe mji mzima unamjua Khalfan mfiwa. Wanawake wa hapa wamekusomeeni khitma, wewe na Suleiman. Na kaposa. Mzee Humud, muuza nguo, mtu wa dini, anampa binti yake kwa kumuonea huruma, na kila Ijumaa baada ya sala huenda kula pale na jamaa zake.

Nikaisubiri Ijumaa. Nassor kila siku akinipeleka kuona hiki na kile, mimi natazama na sioni.

Siku yenyewe nikavaa vizuri, nikajitia udi. Nassor akanifuata ananung'unika. Nilingoja mpaka Mzee Humud na wenzake wameenea mkekani na sinia iko mbele yao, nikafungua pazia.

"Khalfan," nikasema, "marehemu anakusalimia."

Akatabasamu. "Marehemu yupi, bibi?"

"Rahma. Yuko Mombasa, Kibokoni, anashona nguo za watu. Na Suleiman uliyemzamisha anakwenda skuli, anauliza babake ana sura gani." Nikavua barakoa. "Mimi Zuwena, mdogo wake."

Akasema, "Mwanamke huyu simjui."

Mzee Humud akamgeukia Nassor. "Wewe ndiye mumewe. Anasema kweli?"

Nilidhani Nassor ataona haya, unamjua alivyo. Akajibu, "Kweli tupu. Mtoto huyo mimi mwenyewe nimempakata."

Mzee akanawa mikono, chakula hajakigusa. "Khalfan, ungenambia una mke, ningekuoza vilevile. Lakini mtu aliyemzika mwanawe mzima, mimi wangu simpi." Akatoka. Wenzake wakamfuata mmoja mmoja, akabaki Khalfan na birika la maji mkononi. Nisikufiche, hata siku ya harusi yangu sikufurahi vile.

Binti wa watu nasikia kalia sana. Namuonea huruma. Lakini wewe ulilia miaka, na hakuna aliyekuja kukutazama.

Jumamosi asubuhi Khalfan kaja hapa Darsait na bakuli la halwa. "Mwambie Rahma aje, nitamtumia nauli. Tuanze upya." Nikakumbuka ulivyonambia tulipoagana: sitaki kitu chake, nataka aniache nijue moja.

Nikamwambia, "Marehemu harudi, Khalfan. Muache."

Akalia mbele yetu. Nassor akaenda kuwaita majirani wawili, na barazani hapo, mbele yao, Khalfan akatoa talaka. Nassor atakuletea hati ya kadhi kwa mkono wa mtu. Eda yako ianzie Jumamosi hiyo. Halwa tuliila.

Sasa Nassor anasema yatosha, nimsamehe. Nimemjibu aliyezikwa si mimi. Rahma akisamehe ni shauri lake, mimi bado. Jana tumepita Mutrah, mkahawa u wazi na ndani hamna mtu. Nikamrudisha Nassor tukapita tena.

Mbusu Mama mikono yote miwili, mwambie nimetembezwa, nimelishwa, na nimeshiba. Suleiman mpe busu langu na umwambie mimi khaloo yake namletea kofia. Msalimie Bi. Mwana jirani anayekuletea kazi za cherehani. Na yule mwalimu wa chuoni, aliyekuwa kila mara akituma watu kukuulizia, mpe salamu zangu za pekee. Mwambie asubiri eda iishe.

Wako wa tumbo moja,
Zuwena