Baba Aliyeambiwa Apange Foleni

Baba,

Maharage yako jikoni. Zima moto saa tano. Usingoje harufu ya kuungua ikukumbushe. Kitinda mimba wako afue soksi zake mwenyewe, mimi si dobi wake.

Sasa la asubuhi. Mama anasema umenuna, na una haki. Ulikuja kuniamsha nisikose mtihani, nami nikakujibu, "Panga foleni kama wenzako, mzee, mkate haujatoka!" Haki ya Mungu, nilikuwa usingizini. Tangu nianze kuuza mikate jioni baada ya vipindi, hata ndotoni nauza. Juzi mhadhiri aliniuliza swali nikamjibu, "Mzima au nusu?" Darasa zima likaangua kicheko.

~~Naiacha hiyo kazi leo leo.~~ Nimeghairi. Mwokaji ananiruhusu nisome nyuma ya kaunta wateja wakipungua, na ule mkate wa moto ninaokuja nao, anayeumaliza unamjua. Ana mvi.

Ila kuna kitu kimenichoma. Nilipofumbua macho, ulikuwa bado umesimama mlangoni, umeshika viatu vyangu ulivyokwisha kuvipiga brashi. Kama mteja anayengoja zamu yake. Nikahesabu: wiki tatu sasa hatujakaa tukapiga soga, mimi na wewe.

Jumapili sina kipindi wala kazi. Nitakaa hapa mezani asubuhi nzima. Foleni ni yako peke yako, baba, na hatufungi mpaka uchoke kuongea.

Binti yako mkubwa, mwenye viatu vinavyong'aa