Jiwe Liko Upande Huu

3 Machi

Baba mpendwa,

Shikamoo. Hamjambo huko? Mama analala vizuri? Mimi mzima, ila kiuno kinanilalamikia: sare za shule mia mbili, na mwenye oda anapiga simu kama mwenye wazimu.

Maneno ya daktari hayanitoki kichwani. Kama kuna kitu Mama anakitamani, alisema, tukifanye mwaka huu, maana mwakani anaweza asikitambue. Na Mama anataka kimoja tu, kurudi kwenye yale maporomoko ya kwenye picha yenu ya ukutani, kwenye duka lako la picha. Basi niambie, ni wapi? Gari ninalo, linakohoa lakini linakwenda. Ila lazima iwe kwenda na kurudi siku hiyo hiyo. Mama akilala nje ya kitanda chake, hapatatosha.

Mwanao, fundi cherehani

11 Machi

Mwanangu,

Marahaba. Hatujambo, magoti yangu tu ndiyo yamegoma. Simu uliyoninunulia nimeizima, usininunie. Ikilia, mama yako anakwenda kufungua mlango.

Nikwambie ukweli wa aibu: sijui ni wapi. Aliyeendesha ni marehemu mjomba wako. Mimi nilikuwa kiti cha nyuma nimekumbatia kamera, nimelala fofofo, kwenda na kurudi. Mpiga picha gani mimi! Tulikuwa wachumba, nilikesha siku mbili kwa furaha. Nakumbuka tulirudi jua bado liko juu, kwa hiyo si mbali.

Nimekuwekea nakala humu. Maji yanaanguka mara mbili, chini kuna bwawa dogo, na kulia kuna jiwe kubwa lenye mgongo bapa. Tafuta hilo jiwe. Picha haidanganyi, na katika miaka arobaini ya kusafisha picha hakuna mteja aliyenirudishia hata moja.

Mama yako anazidi kutuacha. Kila akipita anagonga kioo cha ile picha kwa kidole. "Jiwe liko upande huu," anasema, na anaonyesha pasipo na kitu. Namwitikia tu, kisha nakwenda uani kufuta macho.

Baba yako

2 Aprili

Baba,

Shikamoo, na Mama pia. Magoti vipi? Jumamosi tatu nimezimaliza barabarani, na nimegeuka mtu wa ajabu. Nikimpima mteja kiuno, namwuliza kama kwao kuna maporomoko. Wananiangalia kisha wanajibu, tena kwa raha!

Maporomoko ya kwanza nilielekezwa na dereva wa lori la mafuta ninayempunguzia suruali. Ni saa moja na nusu tu kutoka kwenu. Nilipoyaona nilipiga kelele peke yangu: maji mara mbili, bwawa, kila kitu. Lakini jiwe liko kushoto. Nikavua viatu nikavuka, nikalowa mpaka mapajani, nikatazama kutoka ng'ambo. Wapi! Kushoto ni kushoto. Nilirudi nimenuna.

Ya pili niliyaona kwenye mtandao, waliandika "mandhari ya kuvutia". Baba, bomba la uani kwenu lina nguvu zaidi. Ya tatu ni mazuri mno, yananguruma mpaka kifua kinatetemeka, ila yanaanguka mara moja tu, na ni saa tano kwenda peke yake. Mama hawezi.

Nani mwingine niulize?

Mwanao

20 Aprili

Mwanangu,

Tumeamka salama. Nimechelewa kujibu, nisamehe.

Juzi mama yako alinikaribisha kiti, akaniuliza mpiga picha atarudi saa ngapi. Nikamwambia hachelewi. Akaniomba nisubiri.

Usikate tamaa, lakini fanya haraka.

Baba yako

26 Aprili

Baba,

Shikamoo. Naomba usikasirike na haya ninayotaka kuandika.

Barua yako ilinifanya nilie, nikaitoa tena ile picha ili nimwone Mama tu, siyo maji. Nikaona blauzi. Vifungo viko kulia, kama shati la kiume. Mama aliishona mwenyewe, na Mama ndiye aliyenifundisha kwamba vya kike vinakaa kushoto. Siku niliyokosea alinifumulisha vyote kumi, mimi nalia, yeye anahesabu. Mtu huyo avikosee vya kwake, tena siku ya kutoka na mchumba?

Baba, angalia negativu, ile filamu yake. Nadhani picha imegeuka. Na kama imegeuka, maporomoko nilishayaona, yale ya kwanza kabisa.

Mwanao

2 Mei

Mwanangu,

Nimeitoa negativu kwenye boksi, nikaishika dirishani. Upande unaong'aa ndio nilioutazamisha chini kwenye mashine, kosa la mwanafunzi wa wiki ya kwanza. Nilikuwa na haraka ya kumpelekea.

Miaka thelathini na tisa picha iko ukutani kinyume, na wateja nawaonyesha kwa majigambo. Na yeye peke yake aliyejua tulimwona mgonjwa. Nimemwomba radhi. Akasema nisijali, atamwambia mpiga picha.

Njoo Jumamosi.

Baba yako

12 Mei

Mwanangu,

Ulifika salama? Gari halikukuzimikia njiani? Sisi tulilala kama mawe.

Nilivyokuahidi, nimesafisha picha upya na kuitundika jana asubuhi. Mama yako alisimama mbele yake muda mrefu. Akaweka kidole kwenye jiwe. "Hapo sasa," akasema. Nilifurahi, nikadhani atanisimulia.

Kisha akanigeukia, "Tunakwenda lini?"

Nilitaka kumwambia tumeshakwenda. Kwamba juzi tu alivua viatu bila kuambiwa, akalipanda lile jiwe haraka kuliko sisi wote, akanirushia maji usoni na kuniita jina langu la ujana, mara mbili, wewe ukisikia. Lakini alikuwa ananiangalia kwa hamu, kama siku ile alipokuwa mchumba.

Nikamwambia, Jumamosi.

Amekwenda chumbani kutafuta viatu. Basi jaza tangi, mwanangu. Nitakaa kiti cha mbele, na safari hii pia silali.

Baba yako