Picha za Kujaribia Kamera

Mabawa, Tanga
Jumatatu asubuhi

Kaka yangu Zubeiri,

Shikamoo. Barua hii ikukute mzima, na kazi ya huko Muscat isiwe inakuchosha kupita kiasi, na lile joto unalolilalamikia likuonee huruma kidogo. Sisi huku miili yetu ni mizima, alhamdulillahi. Baba anaswali, anafungua kibanda chake cha baiskeli, anaziba pancha za watu, anarudi kula. Mimi nakula kwa sababu yeye ananitazama nikila. Arobaini ya Mama ilipita salama. Watu walikuja mpaka kutoka Moa, wakasoma, wakala, wakaenda zao, na nyumba sasa imekuwa kubwa mno.

Najua utashangaa kuletewa karatasi wakati simu ipo. Lakini simu yako ikiingia tu Baba anataka iwekwe spika, na ujumbe wako wa sauti anausikiliza kabla yangu, kwa hiyo sijapata nafasi ya kusema nawe peke yako. Mwinyijuma amemaliza likizo, anarudi huko, nitampa mkononi. Tafadhali isome ukiwa umetulia, usiisome kazini.

Nianzie kwenye kamera, maana yote yametoka huko. Uliponiwezesha kununua kamera yangu ya kwanza ulinionya nisikurupuke, na kwa mara moja katika maisha yangu nilikutii. Unajua nilivyokuwa naililia. Arusi zetu hizi, siku ya wanawake mpiga picha mwanamume haingii, na wenyewe wanapigana picha kwa simu gizani, bibi arusi haonekani ila meno. Nikaona hapo ndipo riziki yangu iliponisubiri. Nikaenda kwa Idarusi, yule bwana mnene wa Ngamiani anayeuza kamera zilizotumika.

Nilidhani atanibambikia kitu, kumbe mtu wa watu. Aliniambia nisibabaishwe na megapikseli, hizo ni za kuwatia watu wazimu. Akasema bodi, yaani kamera yenyewe bila lenzi, ya kawaida yatosha kwa anayeanza, bora nitie nguvu kwenye lenzi, na kwamba kamera lazima niishike kwanza, maana ikinichosha mkono dukani itaniaibisha arusini. Halafu akanipa shauri moja la mwisho. Nije na memori kadi yangu mwenyewe, nimpige mtu mmoja, mahali pamoja, kwa kila kamera niitakayo, kisha nikazilinganishe nyumbani kwa nafasi. Akasisitiza uwe uso wa mtu, si ukuta wala maua, kwa sababu uso ndio nitakaokuwa nikiupiga.

Nikarudi nyumbani nikiuliza nani atanipa uso wake. Mama akasema twende.

Mama, Zubeiri! Mama ambaye simu ikiinuliwa tu anajifunika kanga. Mama ambaye ukimpigia kwa video ulikuwa ukiona dari na nusu ya paji la uso. Ile picha ya kitambulisho cha taifa tunaijua, aliiita picha ya jirani. Nilipomuuliza imekuwaje leo, akajibu kwamba hii si kupigwa picha, hii ni kujaribu kamera, na yeye hana shida na kujaribiwa. Miguu ilikuwa imeshaanza kumvimba. Tukachukua bajaji mpaka Ngamiani, akakalishwa kwenye kiti cha plastiki karibu na mlango wa duka, penye mwanga. Mwanzoni alikaza uso kama anayesubiri sindano. Idarusi akamwomba ajifanye hakuna mtu mbele yake. Mama akamwambia kwa ukubwa ule wa mwili wake jambo hilo haliwezekani. Duka zima likacheka, na yeye akacheka, nami nikabonyeza.

Tulijaribu kamera tatu. Jioni tulizitazama kwa mwalimu Praxeda, jirani yetu, kwenye kompyuta yake, tukachomeka kadi ileile bila kuhamisha kitu, maana haikunijia akilini kwamba kuna cha kuhifadhi. Zilikuwa picha za kujaribia. Mama akajitazama kwa muda mrefu, akasema kumbe ndiye huyu. Kisha akaagiza utumiwe, upate kuona mama yako bado hajazeeka. Nikamwambia asubiri, nitampiga nzuri zaidi kwa kamera yangu mwenyewe.

Kamera niliichagua ile ya tatu, ndogo, yenye lenzi inayopenda mwanga hafifu. Lakini ilipokuwa mikononi mwangu Mama alikuwa ameshalazwa, na wodini alinikataza, akasema nguo za hospitali si nguo za kupigia picha, ningoje apone. Yaliyobaki uliyasikia kwa simu, nami sitayarudia. Najua ulivyoomba ruhusa kwa tajiri wako na ukanyimwa. Hakuna hapa anayekulaumu.

Baba hakuwahi kuziona zile picha. Mama alipokuwa hai, Baba alikuwa akinicheka, anasema yeye anaye mwenyewe, ana haja gani na picha yake. Baada ya mazishi nilimpelekea kamera atazame kwenye kile kioo kidogo, akageuza uso. Alisema atamwona akiwa mkubwa, kwenye karatasi, siyo kwenye kitu cha ukubwa wa kiberiti. Nami nikazidi kuahirisha, maana kila nilipoiwasha ile kamera nilishindwa kuona kwa machozi.

Juzi nilikuwa Pongwe kwenye arusi ya watu. Nilikwenda na memori mpya, ile ya Mama niliifunga kwenye leso nikaiweka kabatini ili isiguswe. Baba akaona hii ndiyo nafasi ya kunitua mzigo. Alijua Mwinyijuma anakaribia kuondoka, na alitaka upelekewe picha kubwa ya mama yako, kwa sababu, alivyosema, hukuwahi kumtupia hata udongo. Akaichukua ile leso, akapanda baiskeli mpaka mjini, kwenye lile duka ambalo zamani lilikuwa studio, walikotupiga sisi picha za shule. Ubao wa studio bado uko juu. Ndani siku hizi wanatengeneza simu na kuwatilia watu nyimbo.

Wewe unajua wazee wetu wanavyosema. Picha husafishwa. Filamu ilipelekwa kusafishwa, ukarudi kuchukua picha zako zimekauka. Baba akamkabidhi kijana wa pale kadi, akamwambia amsafishie zote, asiache hata moja.

Kijana akasafisha zote. Hakuacha hata moja.

Na kwa heshima, kwa kuwa alimwona ni mzee wa kofia na kanzu, akamjazia kaswida na mawaidha mpaka kadi ikafurika, wala hakutaka malipo. Baba alipouliza karatasi ziko wapi, akaambiwa tayari imesafishwa, mwanawe nyumbani atajua kuifungua. Nilipofika kutoka Pongwe nilimkuta kibarazani anatabasamu, mara ya kwanza tangu siku ile. Akaniambia nisisumbuke tena, picha za mama yako zimeshasafishwa, bado kuchapwa tu.

Niliingia ndani nikaitia kadi kwenye kamera. Nikaitoa, nikaitia tena. Nilipoipeleka kwa Praxeda, kompyuta ikaanza kuimba kaswida, na mwalimu wa watu akakaa chini akashika kichwa. Yule kijana wa duka nilimwendea nimepandwa na hasira za kuvunja meza, lakini nilipomweleza alilia kabla yangu, akarudia neno kwa neno alivyoagizwa. Ningemfanya nini? Rafaeli, fundi wa kompyuta, alikaa nayo akijaribu kila alichojua. Aliniambia kama ingefutwa tu angepata kitu, lakini imeandikwa juu yake, tena imejazwa. Hakuna, kaka yangu. Picha yako ya Mama hakuna.

Nimelia mpaka nimechoka na kulia kwenyewe. Sasa nakuja kwa nililokuandikia. Baba hajui, na mimi siwezi kumwambia. Akijua kwamba ni mkono wake uliomfuta, nitazika wa pili. Nilimwambia nimeshakutumia zote, kwamba huko Muscat karatasi ni nzuri zaidi, utazichapa huko na kuja nazo kwenye fremu ukipata likizo. Kama ni dhambi ni yangu. Akikupigia, sema zimefika. Na kwa kuwa ataulizia, shika haya vizuri. Amevaa kanga ya zambarau na nyeupe, ile aliyoitunza kwa Idi. Katika ya kwanza amekaza mdomo. Katika ya pili ameinamisha uso kidogo, anarekebisha mtandio, na pete inaonekana. Ya tatu ndiyo yenyewe: anacheka, jicho la kushoto limefumba kuliko la kulia, na lile pengo la jino alilokuwa akilificha linaonekana lote, wala hajali. Ukisema hilo la pengo, atakuamini.

Nisamehe kwa kukupa maneno mahali pa mama yako. Ndiyo yaliyobaki.

Mwalimu Praxeda anakusalimu sana, na Idarusi anakupa pole. Mwinyijuma nimemtilia na kisamvu kilichokaushwa, msikigombanie.

Baba ametoka sasa hivi kibandani, mikono imejaa grisi, ameniuliza kama ninakuandikia wewe, akataka nitie na salamu zake. Anasema usiharakishe na fremu, yeye atangoja. Ila usiku wa siku utakayoipata barua hii umpigie, umwambie kwenye hizo picha mama yako amekaaje.

Mimi dada yako akupendaye,
Nasma