Magongo Niliyoyafuta Ukutani

Mjomba Vinsenti, shikamoo.

Najua huwezi kuitikia, lakini nikianza barua bila shikamoo nitajiona mtovu wa adabu, na wewe watovu wa adabu ulikuwa ukiwajua kwa mbali. Nakuandikia nikiwa mezani, hapa nyumbani kwangu Mwembesongo, mguu wa kulia nimeupandisha juu ya stuli. Vidole viwili vimekuwa vyeusi. Ni sukari, Mjomba. Daktari anasema mguu ukatwe chini ya goti, na nikichelewa sitapoteza mguu tu, nitakwenda mimi mzima. Alinipa fomu niweke sahihi. Leo ni siku ya tano na sijaiweka.

Naogopa. Watoto nimewaambia nasali kwanza, majirani nimewaambia natafuta daktari mwingine, ila wewe sitakudanganya. Naogopa kisu. Naogopa kuamka nikatazama chini nikaona shuka limelala bapa pale mguu ulipokuwa. Na zaidi ya vyote naogopa magongo. Fausta, binti yangu wa pili, aliniazimia jozi kwa jirani ili nianze kujizoeza. Nimeyasukuma nyuma ya kabati na kuyafunika kwa khanga, na mjukuu akiuliza kule nyuma kuna nini, namwambia ni mifagio.

Mwalimu mstaafu mzima, nadanganya mtoto wa miaka minne! Wanaokuja kunipa pole wananiambia kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi. Nawajibu kwamba koleo jipya linapatikana sokoni, mguu je? Wanacheka kidogo, wanakunywa chai, wanaondoka. Nikibaki peke yangu nakukumbuka wewe, maana hofu hii si ngeni kwangu. Nilishawahi kuwa nayo nikiwa na miaka kumi, na ilinifanya nikutendee jambo ambalo sijawahi kumwambia mtu.

Wewe nilikujua ukiwa na magongo, kama wengine wanavyowajua wajomba zao wakiwa na ndevu. Homa ya utotoni iliukausha mguu wako wa kushoto, ukabaki mwembamba kama mkono wangu. Lakini ulikuwa unaipanda njia ya kwenda misheni, mlimani kule kwetu Uluguru, na kuwapita wanawake wenye matenga ya kabichi kichwani. Watoto wakikuiga kwa kuchechemea, huwatukani. Unawaambia tu, "Chekeni, wanangu. Hujafa hujaumbika." Kisha unawaonyesha namna ya kuiga vizuri zaidi, na mchezo unawaishia palepale.

Huko misheni ndiko bruda mmoja mzee alikokufundisha kuchora, akakuachia na kile kitabu chake cha picha za kale. Ulikuwa ukinipakata na kunifunulia. Kumbe ulikuwa unatafuta kitu kimoja tu ndani yake: watu wenye magongo. Walikuwa wengi. Walikaa kwenye milango ya makanisa wamenyoosha mkono, walijikunja pembeni ya picha wakati matajiri wanapita katikati. Wengine walikuwa wamekwisha kuponywa, wanaruka, na magongo yao yametupwa chini. "Unaona, Skola?" uliniuliza. "Ama anaomba, ama amepona. Anayekwenda shambani nayo hawakumchora."

Halafu ungenifunulia ukurasa ulioupenda, wenye mtu wa Misri ya zamani sana, aliyechongwa kwenye jiwe kabla hata Bwana wetu hajazaliwa. Mguu wake mmoja umekonda kama wako, na kisigino hakigusi chini. Fimbo ndefu imempita kwapani. Lakini amesimama, amevaa nguo nyeupe safi, ameshika chombo anapeleka sadaka, na mkewe na mwanawe wako nyuma yake. Ulikuwa ukimgusa kwa kidole polepole. Mimi nilidhani ni ndugu yetu wa ukoo, na wewe hukunisahihisha.

Ulipofika wakati wa watu kuhamia vijijini, sisi tulikuwa miongoni mwa walioteremka bondeni, kwenye kijiji kipya cha ujamaa njia ya Kisaki. Lori lilitubwaga na vyungu vyetu, na mama akalia kwa sababu ya joto. Wewe hukulia. Siku zile mtu asiyekwenda shamba la pamoja aliitwa kupe, anayenyonya jasho la wenzake. Kila asubuhi kengele ilipolia ulikuwa wa kwanza kutoka, jembe umelifunga mgongoni kwa kamba. Shambani unapiga magoti, unalima kwa magoti mistari yako yote. Nilikuwa naogopa tangu hapo, kwamba siku moja mtu atakuita kupe mbele yangu.

Ndipo mwenyekiti wa kijiji alipokuomba upambe ukuta wa ghala jipya, maana mgeni mkubwa angekuja kutoka mkoani kukagua mazao. Ulifanya kazi kwa siku sita. Ukutani chokaa, watu kwa udongo mwekundu, majembe na nywele kwa masizi uliyoyachanganya na mafuta ya nyonyo. Mimi ndiye niliyekushikia kopo. Wakulima walitokea mmoja mmoja wakielekea shamba, wanawake kwa wanaume, na mbele yao wote ukamchora mtu aliyeinamia magongo mawili, mguu mmoja ukining'inia, jembe mgongoni. Lo, jinsi nilivyofurahi! Nilikuwa namjua.

Mwenyekiti alipokuja kuona, alizunguka mara mbili kama mtu anayenunua ng'ombe.

"Vinsenti, ndugu yangu, picha nzuri. Lakini huyu wa mbele, hayo magongo yaondoe."

"Kwa nini, ndugu mwenyekiti?"

"Tunasema tunajitegemea, halafu anayetuongoza hawezi kusimama mwenyewe? Mgeni atasema tunaikejeli siasa ya nchi. Yafute, bwana."

"Nikiyafuta atashika nini?" ulimwuliza. Ukaendelea kuosha brashi yako ya manyoya ya mbuzi.

Jioni ile balozi wetu wa nyumba kumi alikuja kuzungumza na mama jikoni, na mimi nilikuwa nyuma ya mlango nachambua mboga. Alisema kwa sauti ya chini, "Mwambie kaka yako asiwe mbishi. Watamchukua. Akichukuliwa, na ule mguu, mnadhani atarudi?" Mama alizidi kusonga ugali ambao ulikuwa umekwisha kuiva.

Mjomba, usiku ule sikulala. Kila nikifumba macho niliona gari likija, niliona wanakupakia, naona magongo yako yamebaki mavumbini. Kulipopambazuka, watu wakiwa wanafagia uwanja wa kijiji kumsubiri mgeni, nilichukua kopo la chokaa nikaenda ghalani. Nilipaka juu ya magongo mara ya kwanza, masizi yakatokeza kama kivuli. Nikapaka mara ya pili, nikapaka ya tatu. Yalipopotea kabisa nilimshukuru Mungu, nikakimbia kunawa mikono. Nilijua nimekuokoa.

Mtoto wa miaka kumi hajui kwamba mtu aliyeinamia magongo, ukimwondolea magongo, anabaki ameinama.

Mgeni alifika kabla ya jua kuwa kali. Ngoma zikapigwa, akapewa maji ya kunawa, akaongozwa hadi ghalani na kijiji kizima nyuma yake. Akasimama mbele ya ukuta. Nikamwona anakunja uso.

"Huyu aliye mbele amelewa?" aliuliza.

Mwenyekiti alitazama ukuta, akasogea kando. Kweli, Mjomba, yule mtu alikuwa anapepesuka. Mabega yamepanda, mikono imepinda, mguu mmoja juu, anaanguka mbele kama anayetoka kilabuni. Na nyuma yake wanakijiji wote wanamfuata.

"Nani amechora?"

"Ni mimi, ndugu," ukasema, ukajongea mbele.

"Hiki ndicho kijiji chenu? Mnaongozwa na mlevi?"

Uliutazama ukuta. Uliona chokaa mbichi, maana ilikuwa bado na unyevu pembeni. Kisha ukageuka taratibu ukatutazama sisi watoto tuliopangwa mstari, na macho yako yakashuka kwenye mikono yangu. Kucha zangu zilikuwa nyeupe. Mkojo ulinitoka pale pale nilipokuwa nimesimama, na hilo nalo sijawahi kumwambia mtu.

Kwetu Waluguru mtoto ni wa ukoo wa mama, na kosa la mpwa hulijibu mjomba. Ungeweza kuninyooshea kidole tu. Mgeni angecheka, mwenyekiti angenipiga viboko viwili, na yangekwisha. Badala yake ulisema, "Sijamaliza kazi, ndugu. Unisamehe."

Ukalitoa gongo la kulia kwapani kwako, ukaliegemeza ukutani chini ya kwapa la yule mtu. Ukaliegemeza na la kushoto. Yakakaa sawasawa kabisa, kwa sababu ulimchora kwa kimo chako. Ukarudi nyuma kwa kurukaruka hatua mbili, ukasimama kwa mguu mmoja, mikono imeshuka, hushiki kitu.

"Sasa nimemaliza."

Mgeni alitazama ukuta, akakutazama wewe. "Na wewe je?"

"Mimi nitasubiri, ndugu mgeni, mpaka utakapoona vizuri."

Sijui ilikuwa muda gani. Mguu wako ulianza kutetemeka gotini, mtetemeko ukapanda hadi pajani, jasho likakutoka kidevuni. Kulikuwa na watu wanaofika mia pale, na hakuna hata mmoja aliyetoka kukupa bega. Mama hakutoka. Mimi, niliyekufikisha pale, sikutoka. Tulikuwa tunaogopa, na kila mmoja alikuwa anatazama miguu yake mwenyewe.

Aliyetoka ni yule mgeni. Aliyachukua magongo ukutani kwa mikono yake, akakuletea, akakushikia mkono mpaka ulipoyaweka sawa. Akamwambia mwenyekiti, "Haya, twende tukaone mahindi." Ndiyo yalikuwa maneno yake yote. Kwa miezi kadhaa kila gari lililonguruma barabarani lilinifanya nijifiche chini ya kitanda, lakini hakuna aliyekuja.

Kesho yake uliniita nikushikie kopo. Uliyachora upya kwa masizi, mazito kuliko ya kwanza. Mwenyekiti alipopita na kuuliza ilikuwaje yakafutika, ulimwambia ni mvua, na mvua ilikuwa haijanyesha tangu mwezi uliopita. Nilisubiri uniulize. Uliishi miaka mingi baada ya hapo, ukanisomesha ualimu, ukacheza ngoma kwenye harusi yangu na magongo yako, na hukuniuliza. Siku moja tu, tumekaa, ulisema bila kunitazama, "Hata mimi siku ile niliogopa, Skola. Mguu uliouona ukitetemeka, haukutetemeka kwa uchovu." Nilijifanya sikusikia. Nisamehe kwa hilo pia.

Basi leo nakiri. Ni mimi niliyeyafuta. Nilidhani hatari ilikuwa kwenye magongo, kumbe yule mtu alikuwa amesimama kwa sababu ya hayo hayo magongo. Na wiki hii nzima, uzee wote huu na shule zote nilizofundisha, nimefanya kosa lile lile kwa khanga badala ya chokaa. Nimewaficha wanangu jambo ambalo wote wanaliona. Fausta anaingia ananikuta nimeinama kwenye kiti, ananiuliza hali, namwambia nzuri.

Ghala lile lilibomoka zamani, Mjomba. Kitabu cha bruda kililiwa na mchwa. Sijui kama yule mtu wa Misri bado yuko kwenye jiwe lake, nadhani yuko.

Barua niliiacha hapo jana usiku; asubuhi ya leo nimemwita Fausta, nimeweka sahihi mbele yake. Nimeandika vibaya hata jina langu halisomeki, naye alilia, nami nikalia. Sikupata ujasiri wowote, usije ukadhani. Bado naogopa hivi ninavyoandika. Lakini ile jozi ya jirani ni fupi, ingenipinda mgongo, kwa hiyo nilimwagiza fundi seremala wa mtaa wa pili aje na futi yake. Amekuja saa nne. Ni kijana mwenye adabu, ameamkia, akauliza mgonjwa yuko wapi na kama anaweza kusimama, maana magongo hupimwa mtu akiwa wima.

Nimeshika meza, nimejiinua. Kisigino kimeuma hadi machozi yakanilenga. Nimemwambia, "Nipime mimi, mwanangu. Pima leo, wakati bado nina miguu miwili ya kusimamia."

Amepima kutoka kwapani hadi chini, taratibu, akaandika.

Mpwa wako aliyeogopa, na anayeogopa,
Skola