Samadi Upande wa Mashariki

Jumamosi, 6 Julai
Tumeng'oa pamba iliyokufa. Mwaka wa tatu huu! Ukipasua shina, ndani lina mistari ya kahawia, kama kitambaa kilichomwagikiwa chai. Tulipofika nyumbani mume wangu akatua jembe. Kisha akasema shamba limechoka, atalikodisha kwa fundi wa matofali, wachimbe udongo. Shamba alilotuachia baba mkwe!

Jumatano, 10 Julai
Bwana shamba amepita. Anasema ugonjwa huu umo ardhini — umelala, unasubiri mizizi. Dawa ya kunyunyizia majani haiufikii. Lakini samadi iliyooza vizuri huleta vijidudu vingine, vingi mno, visivyoonekana, vinavyopambana nao humohumo chini. Nikamuuliza, utakwisha? Akasema huenda ukapungua, haapi. Nimempenda kwa ukweli wake.
Nimemwomba mume wangu msimu mmoja tu. Kanipa nusu, upande wa mashariki.
"Nusu yako, nusu yangu. Tuone."

Jumatano, 14 Agosti
Wifi yangu anafuga, zizi lake limejaa samadi hadi mlangoni. Tumesomba kwa mkokoteni mpaka kiuno kikagoma. Mama mkwe kibarazani: "Kwani umeolewa na mwanangu au na ng'ombe?" Nilicheka nikakaa chini!
Leo nimepindua rundo kwa mara ya kwanza. Mvuke! Nikadhani linaungua. Nikatia mkono, nikauchomoa mbio. Hakuna aliyewasha moto. Kinyesi na majani makavu, basi — na humo ndani kitu kinafanya kazi, hakipumziki, wala hakina haja na mimi. Nilisimama na uma wangu kama mtu aliyeingia na viatu kwenye nyumba ya ibada.

Ijumaa, 25 Oktoba
Samadi imeiva. Nyeusi, laini, haina tena harufu ya zizi. Inanukia kama ardhi iliyoguswa na mvua. Tumeitandaza na kuichanganya na udongo. Mama mkwe kachota kiganja, kanusa, kairudisha chini taratibu. Leo hakutania.

Jumatatu, 3 Februari
Ugonjwa umekuja.
Upande wa mume wangu majani ya chini yamekuwa manjano, na miche mingine imeinamisha vichwa. Nilikwenda mpakani mbio. Upande wangu — umesimama! Kijani! Mvua ileile, mbegu ileile. Nikajikaza nikang'oa mche mmoja ili nione. Mizizi myeupe, myembamba kama nywele, imekumbatia mabonge ya samadi. Nyungunyungu akajipenyeza kati ya vidole vyangu. Vita vyote hivyo viko chini ya nyayo zangu, na mimi nilikuwa nasikia ndege tu.
Mume wangu kaja, kasimama nyuma yangu.
"Kumbe," akasema. Basi.

Jumapili, 9 Februari
Fundi wa matofali kaja na kamba yake ya kupimia. Mume wangu kamwambia arudi kesho, atampa jibu. Jibu gani? Hakuniambia, nami sikuthubutu kuuliza.
Adhuhuri tukakuta mche mmoja umelegea. Upande wangu! Huenda ni jua tu. Kama ni jua, jioni utajiinua wenyewe. Kama si jua...
Nimemwita aje kula. Anasema nile, atakuja. Hajaja. Namwona kutoka hapa kizingitini: kachuchumaa kando ya ule mche, kavua kofia yake, kaushikia kama mwavuli. Yeye! Kichwa wazi, jua lote hili. Mama mkwe kaona, akaingia ndani.
Sasa jua limeanza kulala. Kaondoa kofia. Anainama karibu zaidi —
Kanyanyua mkono. Ananiita.