Ukingo wa Tenga Langu

Jumatatu, 7 Juni 1971

Nimeshtaki! Ada nimelipa, karani wa Mahakama ya Mwanzo kaandika: Esta, mjane, anamdai Kornelio, mfanyabiashara wa Muheza, shilingi themanini na sita. Matenga kumi na mawili ya peasi, tangu Februari. Alipakia kwenye lori lake akasema atalipa akirudi. Mbegu za viazi nitanunua na nini?

Alhamisi, 10 Juni

Balozi wa nyumba kumi, mzee Shabani, kaja. Ati niondoe kesi, wajamaa hawaburuzani mahakamani. Nikamwamkia, nikampa chai, ndipo nikamuuliza: kula jasho la mjane kunaitwaje? Kila mkutano mnatuhubiria wanyonyaji — mmoja ni huyo Kornelio! Akaomba kikombe cha pili.

Jumatatu, 21 Juni

Kornelio kaapa hanijui. Hajanunua kwangu hata peasi moja. Risiti sina — nani huku anaandikishana kwa peasi! Shahidi sina.

Nikatazama dirishani. Lori lake hilo, limepanda huku milimani na machungwa ya kuuza sokoni. Machungwa yamo ndani ya matenga YANGU! Mjinga huyu! Kwao Muheza tenga ni tenga. Huku kila msukaji ana ukingo wake, na huo wa kupinda mara tatu na kurudi nyuma ni wangu. Nikapaza sauti mpaka karani akadondosha kalamu.

Hakimu kaagiza tenga moja liletwe ndani. Kornelio akacheka. Ati tangu lini mwanamke akasuka tenga? Wazee washauri wakatikisa vichwa: kweli, ni kazi ya wanaume. Marehemu mume wangu alinifundisha alipoanza kuumwa kifua, mlango tumeufunga watu wasituseme. Miaka minne nasuka kwa siri, majirani wanadhani nanunua!

Nikasema: nasuka mwenyewe. Ukumbi mzima ukaangua kicheko. Niliona aibu, ndiyo. Kisha hasira ikaimeza.

Hakimu hakucheka. Kesho saa tatu, kasema, lete mianzi usuke hapa, tulinganishe ukingo.

Jumanne, 22 Juni

Naandika barazani mwa mahakama, nasubiri kuitwa. Mianzi ililala majini, imelainika. Nimeibeba kichwani nikapita katikati ya soko, si njia ya nyuma. Waseme!

Mzee Shabani kanifuata na kisu chake. Ati changu butu.

Kornelio kakaa benchi la pili. Leo hacheki, anaangalia mikono yangu. Aangalie vizuri. Karani anaita —